Mahari Yangu na Kamera ya Njia ya Pangani

Mahari yangu ilikuwa pikipiki. Sikuomba kitanda, sikuomba dhahabu, sikuomba kabati la vioo. Shangazi zangu walipoingia chumbani kuniuliza nataka nini, kama ada ilivyo, niliwaambia nataka skuta nyekundu, mpya, yenye mahali pa kufungia ndoo. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Huyu anataka kuolewa au anataka leseni?"

Wacheke. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nilikuwa napika achari ya ndimu na visheti na kupeleka madukani, na shingo yangu ilikuwa imechoka kubeba ndoo. Mume akakubali. Siku ya nikahi shehe alisema mbele ya wanaume wote, kwenye mkeka, pale kwetu Mabawa, Tanga: mahari ni pikipiki moja, imeshalipwa. Ikaandikwa hivyo kwenye cheti cha ndoa. Nje watoto walikuwa wanagombania kupiga honi.

Kadi ya pikipiki ilikuwa na jina la mume, kwa kuwa yeye ndiye aliyekwenda kununua. Nilitaka libadilishwe. Somo yangu, yule mama aliyenifunda, alikuwa ananipaka liwa ya kunukia mgongoni niliposema hivyo. Akanichapa kofi dogo begani.

"Unataka kuandikishana mali na ubani haujazimika? Unahesabu talaka kabla ya fungate? Utaitia ndoa nuksi wewe."

"Lakini ni mahari yangu, somo."

"Ni yako, nani kakataa? Mungu anajua ni yako, shehe anajua, Mabawa nzima inajua. Unataka nani mwingine ajue?"

 Hivyo ndivyo tulivyo huku kwetu. Mwanamke anapewa mahari kwa mdomo mbele ya mashahidi arobaini, karatasi inabaki mfukoni mwa mwanamume, na mwanamke anaona haya kuiomba. Simlaumu somo peke yake. Mimi nilikuwa na cheti cha shule, nilijua kusoma. Nililisoma lile jina kwenye kadi, nikaikunja, nikamrudishia mwenyewe.

Ya ndani ya nyumba sitayaeleza yote. Alianza kunipiga mwanangu akiwa bado ananyonya. Nilirudishwa kwake mara mbili na watu wazima waliokuja kwetu, wakala pilau, wakanawa, wakasema yameisha. Mara ya tatu alinivunja kidole, hiki kidogo cha mkono wa kushoto, kwa kukibania mlango. Binti yangu alikuwa amesimama palepale. Hakulia. Alikwenda akaleta kipande chake cha leso ya manjano, kile alichokuwa akimfungia mwanasesere wake, akanizungushia kidoleni, akafunga fundo. Alikuwa na miaka minne. Nilipoona fundo lile limekaza vizuri, kama la mtu mwenye mazoea, nikajua sina cha kungoja.

Asubuhi alipokwenda kazini nilifunga ndoo, nikamweka mtoto nyuma yangu, nikamfunga kiunoni mwangu kwa leso kubwa, tukaondoka.

Tulikwenda Kigombe, kijiji kilicho njia ya Pangani. Kulikuwa na bibi mmoja pale, mjane, Mkatoliki, aliyeletwa na wazazi wake kutoka bara akiwa mdogo walipokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akakulia humo, akazeekea humo. Nilikuwa nanunua ndimu kwake. Mume wangu hakuwahi hata siku moja kuuliza ndimu zinatoka wapi. Bibi akanipa chumba. Hakuuliza maswali. Alitazama kidole changu tu, akasema, "Jikoni ni pale, choo ni kule, na huyu mjukuu wangu anakula nini?"

Nilibadilisha laini ya simu. Sikumwambia mama yangu mzazi nilipo, maana mama hana siri, huruma inamtoa maneno mdomoni. Sikumwambia dada. Mama mwenye duka niliyekuwa nampelekea achari mjini, mtu mzima wa asili ya Kihindi, mkali wa hesabu na mpole wa kila kitu kingine, nilimwambia nimehamia shamba tu. Alinitazama juu ya miwani, akasema, "Shamba kuzuri. Mtu akija kukuuliza hapa, mimi siku hizi sisikii vizuri." Nilijiona mjanja. Nilikuwa nimefunga kila tundu.

Na kila siku ya pili nilikuwa napita chini ya kamera.

Zilifungwa mwaka ule, juu ya nguzo ndefu, kwenye njia za kutokea mjini. Zilikuwa za kusoma namba za magari na pikipiki. Mafundi waliozifunga walisema zitakamata malori ya mchanga yanayokwepa ushuru na wezi wa pikipiki. Tukafurahi. Nani hapendi mwizi wa pikipiki akamatwe? Hata mimi nilisema afadhali. Haikunijia kabisa kwamba mashine inayoweza kutafuta pikipiki iliyoibwa inaweza pia kutafuta mwanamke aliyekimbia.

Mwanangu ndiye aliyekuwa na urafiki nayo. Nimemfundisha adabu, kila mkubwa anaamkiwa, na ile nguzo ilikuwa ndefu kuliko watu wote aliowajua. Mara ya kwanza tulipopita nilisikia nyuma yangu:

"Shikamoo!"

"Unamwamkia nani?"

"Yule mrefu."

"Ile ni kamera."

"Mbona haiitikii?"

"Haina mdomo."

Akafikiri kidogo. "Ina jicho tu? Masikini."

Tangu siku ile ikawa desturi yake. Tukishaipita nguzo anageuka, anainua mkono, anaiamkia, halafu anajiitikia mwenyewe kwa sauti nzito ya kizee: "Marahaba, mwanangu!" Mimi nacheka kwenye kofia ya chuma. Namba alijifunzia hapohapo, kwenye pleti ya pikipiki yetu. Nikifunga ndoo, yeye anachuchumaa nyuma na kidole, anazisoma moja moja. Hakuwa anajua herufi zote, lakini namba za pikipiki yetu alizijua kama jina lake.

Siku yenyewe sikwenda naye. Nilikuwa na ndoo mbili za achari na alikuwa anakohoa, nikaona vumbi la njia litamzidishia. Alilia kidogo langoni. Aliniambia nimsalimie yule mrefu. Nikamwambia sawa. Sikuisalimia. Nilipita nikiwa nawaza ndoo.

Niliporudi, jua bado kali, nilimkuta bibi amekaa kizingitini na karatasi mapajani. Alikuwa hajafunga kanga vizuri. Nilizima pikipiki.

"Mtoto kalala?"

"Wamemchukua," akasema. "Watu wa serikali. Wamekuja na babake."

Hapakuwa na mtu wa serikali. Alikuwa mume wangu na jamaa zake wawili, kwenye gari jeupe, wamevaa vizuri. Waliamkia kwa heshima, shikamoo bibi, tumekuja na biskuti. Halafu wakatoa karatasi. Ilikuwa imechapwa kwa mashine, ina muhuri, ina picha. Bibi yangu yule aliishi maisha yake yote mahali ambapo mtu akija na karatasi yenye muhuri, unahama nyumba, unaongeza kazi, unapunguziwa posho, na huulizi. Akaiona ile picha, akaona ni mtoto mwenyewe, akaona saa zimeandikwa, akaamini. Alimvalisha viatu yeye mwenyewe. Alichofanya cha ziada ni kung'ang'ania karatasi. Aliwaambia, "Hii niachieni, mama yake akija ajue ni serikali." Wakamwachia. Walikuwa hawaihitaji tena.

Na kingine. Alikuwa amekariri namba ya gari lao. "Nilihesabu matita ya mkonge miaka mingapi, mwanangu? Namba ikipita mbele yangu nakariri, hata nisipotaka." Akanitajia, na machozi yanamtoka, namba zote tatu na herufi tatu za mwisho.

Karatasi ile ninayo hadi leo. Upande mmoja kuna orodha: pikipiki yenye namba yetu, siku, saa, imetoka mjini kuelekea Pangani; siku, saa, imerudi. Nguzo ya pili, ile iliyo mbele baada ya Kigombe, pameandikwa haikuonekana, haikuonekana, haikuonekana. Mume wangu alikuwa amechora duara kwa kalamu kati ya nguzo na nguzo. Nguzo ya kwanza inaniona, ya pili hainioni, kwa hiyo nakaa katikati. Mtu ambaye hakuwahi kujua ndimu zinatoka wapi alihitaji kuchora duara tu.

Upande wa pili ni picha. Imepigwa kwa nyuma, maana pleti ipo nyuma. Mimi ni mgongo na baibui linalopepea. Mwanangu amegeuka, uso wote unaonekana, mdomo uko wazi, mkono uko juu. Anaiamkia. Kijijini walionyeshwa uso ule, watu wema, wakafurahi kusaidia: "Si mtoto wa mama achari huyu? Anakaa kwa bibi pale."

Kesho yake asubuhi nilikwenda polisi, dawati la akina mama na watoto. Askari wa pale, mwanamke, aliniandika vizuri, hakunidharau. Nilimwambia mume wangu ana ndugu upande wa pili wa mpaka. Aliniambia baba akichukua mwanawe ni kesi ngumu, lakini akimvusha mpaka bila ruhusa yangu, hiyo ni nyingine. "Nithibitishie gari lilielekea wapi. Likiwa limepita njia ya Horohoro, ya kwenda mpakani, nitapata pa kuanzia. Kamera si zipo? Nenda kawaulize, na mimi naomba barua kwa bosi wangu."

Ofisi ya kamera ni ya kampuni moja iliyopewa kazi ile. Kuna kiyoyozi, kuna kiti cha plastiki, na ukutani kuna kanuni zimefungwa kwenye kioo. Karani alikuwa mwanamume wa rika langu, shati limenyooshwa, anaongea polepole kwa adabu zote.

"Karibu dada. Una shida gani?"

Nikaweka karatasi mezani. "Hii imetoka hapa?"

"Imetoka hapa."

"Nani aliwaruhusu kuitoa?"

"Mwenye chombo." Akabonyeza kompyuta, akanisomea jina la mume wangu taratibu, kana kwamba silijui.

"Chombo ni changu."

"Kadi inasema ni chako?"

Nikatoa cheti cha ndoa. Nilikuwa nimekibeba ndani ya mfuko wa nailoni. Akakisoma, akafika kwenye mahari, akatabasamu. "Mashallah. Mke wangu mimi alitaka friji." Halafu akakirudisha. "Lakini hiki ni cheti cha ndoa, dada. Sisi tunafanya kazi na kadi. Mwenye jina kwenye kadi akiomba kujua chombo chake kinapita wapi, ni haki yake. Angeibiwa je?"

"Aliandika kaibiwa?"

"Hapana. Aliandika sababu: kufuatilia mali yangu."

Nikamgeuzia picha. Nikaweka kidole juu ya mwanangu. "Hii mali ina mkono. Inakuamkia. Huoni?"

Akatazama. Nadhani aliona, maana hakutabasamu tena. "Mfumo unatoa picha yenye namba, dada. Mimi sichagui."

Nikamwuliza kuhusu lile gari jeupe. Nikamtajia namba. Hapo akarudi nyuma kwenye kiti chake, akanyoosha mkono kwenye kioo cha ukutani. "Hizo siwezi. Hizo ni siri ya mwenye gari."

Nikasimama nikasoma. Nilisoma kwa sauti, ofisi nzima isikie. Taarifa za chombo ni siri. Zitatolewa kwa mmiliki wa chombo, au kwa barua ya mamlaka. Zitafutwa baada ya wiki mbili. Basi. Mistari mitatu. Hapakuwa na neno juu ya aliyekaa juu ya chombo.

"Mwanangu yuko ndani ya gari hilo," nikasema. "Yeye ni siri ya nani?"

"Mtoto hana namba, dada."

Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya, ningejua pa kupiga.

Huku kwetu mtu hata awe ndugu wa damu haingii nyumbani kwako bila hodi. Unapiga hodi mara tatu. Usipoitikiwa unarudi ulikotoka, hata kama umesikia watu wanapumua ndani. Mtoto mdogo anaijua sheria hiyo. Waliopanga kamera zile ni watu wazima, wengine bila shaka wamelelewa pwani hiihii, na walipokaa kuandika kanuni walimkumbuka mwenye chombo, wakaikumbuka mamlaka, wakakumbuka hata kufuta. Hodi wakaisahau. Nilikuwa na simu. Wangenipigia mara moja, mama, kuna mtu anaulizia njia unazopita, unasemaje? Ningewaambia kidole changu kinasemaje. Mwanamke anayeendesha pikipiki yenye jina la mumewe, huku Tanga yuko mmoja? Tumejaa! Sote njia zetu ziko kwenye droo ya kampuni, na ufunguo amepewa mtu yuleyule tunayemkimbia, kwa haki, kwa muhuri, kwa shati lililonyooshwa.

Sikungoja barua. Siku iliyofuata nilikwenda Moa, kwao mume wangu, kijijini karibu na mpaka. Kwenye kijiwe cha bodaboda vijana walinitambua kabla sijashuka.

"Shemeji, umechelewa! Ungekuja juzi ungekula biriani ya kumkaribisha binti yako!"

Hawakujua wanacheka nini.

Mama mkwe alikuwa anatwanga. Hakusimamisha mchi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na pikipiki ya mwanangu?"

"Nimekuja na mahari yangu. Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto yuko kwa babake. Babake yuko aliko. Wewe mwana wa watu, mwanamke anaondoka kwa mumewe kwa miguu yake, harudi kudai kwa mdomo wake."

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima toka Tanga. Lakini nyuma yake, kwenye kamba ya nguo, niliona kipande cha leso ya manjano, kimefuliwa, kimeanikwa kwa kibanio kimoja. Alama ya fundo ilikuwa bado ipo. Nilisahau yote niliyopanga.

"Hata leso yake hakwenda nayo?" nikasema.

Mchi ukasimama. Mama mkwe alitazama kamba, akatazama chini. Ni mwanamke mkali, lakini kazaa saba na kazika wawili.

"Aliililia," akasema kwa sauti ndogo. "Babake akasema iache, itamkumbusha. Wamevuka jana asubuhi. Kwa shangazi yake, upande wa pili, mimi hata pa kusema ni wapi sipajui." Akaenda akaiondoa leso kwenye kamba, akaikunja mara nne, akanipa. "Ukinitaja kwa askari nitasema hukufika hapa. Nimezaa yule. Unanisikia? Nimemzaa."

Namsikia hata leo. Naye namwelewa, na sijamsamehe.

Askari wa dawati aliniambia maneno ya mama mkwe asiyetaka kutajwa hayana uzito. Alihitaji kamera. Barua yake ilikuwa mezani kwa bosi, na bosi alikuwa safarini kwenye mafunzo. Nilikwenda kila asubuhi, nikakaa kwenye benchi. Wiki ya kwanza ikaisha. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, maana nilikuwa nimesoma ukutani zitafutwa lini. Nilirudi kwa yule karani, nikamwomba anihifadhie zile za njia ya Horohoro za siku mbili tu, asinionyeshe, asinipe, aziweke pembeni zisifutwe mpaka barua ije.

"Hakuna sehemu ya kufanya hivyo kwenye mfumo," akasema.

"Hata kuandika kwenye daftari, kwamba kuna mama ameomba?"

"Daftari la nini, dada?"

Barua ilisainiwa wiki mbili na siku tatu baada ya mwanangu kuchukuliwa. Nilipanda pikipiki nayo kifuani, ndani ya baibui. Karani aliisoma yote, akaipiga muhuri wa kupokelewa, akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Alinigeuzia kioo cha kompyuta nijionee. Palikuwa peupe.

"Zimejifuta. Ni kwa usalama wa wananchi."

Nilipiga kelele. Sikumbuki maneno, nakumbuka kiti cha plastiki kilianguka na mlinzi akaja mlangoni. Karani hakuinua sauti. Alisema, "Dada, si wewe uliyekuja hapa ukagomba kwamba tunatunza njia za watu? Leo unagomba kwamba hatukuzitunza. Tufanyeje sasa?"

 Kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba alisema kweli. Zifutwe. Mimi mwenyewe ningepigana zifutwe. Zangu zingefutwa mapema mwanangu angekuwa amelala mgongoni mwangu sasa hivi. Lakini zangu zilikaa mpaka mume alipozifuata, na zake zikaondoka siku chache kabla sijafika na barua. Kanuni ni moja, imemlinda yeye mara mbili. Nikaokota kiti, nikakiweka sawa, nikatoka.

Kesi ipo. Askari ameandika kwa wenzake wa upande wa pili, na wenzake wameuliza: kuna ushahidi gani kwamba gari lilivuka? Dawati linanipigia simu mara mojamoja kunijulisha kwamba hakuna jipya.

Nimerudi Mabawa kwa mama. Bibi wa Kigombe ananiletea ndimu mwenyewe siku hizi, anazishusha, anakaa. Alinitaka radhi mara ngapi sijui. Nilimwambia hakukosa yeye. Ukweli ni kwamba kuna siku namwona kakosa, siku nyingine naona nimekosa mimi na vumbi langu na ndoo zangu mbili.

Nilikwenda kubadilisha kadi. Nilichukua cheti, nikachukua shehe mwenyewe, amezeeka, akasimama dirishani akasema kwa kinywa chake kwamba pikipiki hii ni mahari ya binti huyu. Walimsikiliza kwa heshima, wakamletea maji. Halafu wakasema inatakiwa saini ya mwenye jina. Kwa hiyo jina ni lake bado. Akitaka leo kujua nimepita wapi, ataandika kufuatilia mali yangu, na watampa.

Mama ananiambia niiuze, au niifiche uani, nitembee kwa miguu asijue ninakopita. Mwanzoni nilitaka kuipiga mawe. Somo alikuja kunipa pole, akaona nimeishika nyundo, akaanza kulia kabla sijaianza kazi. "Nilikukataza mimi," akasema. "Kwa mdomo wangu huu." Nikaweka nyundo chini. Siku hizi yeye ndiye anayewaambia mabinti anaowafunda, kadi kwanza, liwa baadaye. Wanamcheka.

Sikuiuza. Nimeiosha, nimeipaka rangi pale ilipochubuka, pleti naifuta kwa kitambaa isiwe na vumbi hata chembe. Kila siku ya pili, saa zilezile, natoka mjini kwa njia ya Pangani, napita chini ya nguzo, nafika mbele kidogo nageuza, narudi. Sina ninachouza kule. Mama anadhani nimechanganyikiwa, na nimemwacha adhani. Mimi najua ninachofanya. Siku baba yake akichoka, au akipata mke asiyemtaka mtoto, au mtoto mwenyewe akikua akauliza mama yuko wapi, kuna mahali wanapojua kuniuliza. Namba mtoto anaijua. Nataka wakiomba ile karatasi waikute imejaa: ametoka, amerudi, ametoka, amerudi, yupo. Na kwa kuwa wanafuta kila wiki mbili, siwezi kupumzika. Nikiugua wiki mbili nitakuwa sipo.

Leso ndogo naifunga kidoleni, hiki kilichopinda. Nikishaipita nguzo nageuka kama alivyokuwa akigeuka yeye, uso wote uonekane, nainua mkono.

"Shikamoo," nasema.

Kuitikia ilikuwa kazi yake.